Moto Usionuka

Ukifika mtaa wa Kabondo, hapa Kisangani, ukamwulizia Papa Amuri mpishi wa kambi, watu watakuuliza wewe kwanza: una harusi ama una safari ya porini? Maana ni kwa hayo mawili tu watu humtafuta. Amezaliwa Kisangani, baba yake amezikwa Kisangani, na ukoo wao uliingia mji huu na misafara ya zamani ya biashara kutoka Maniema, wakaswali hapa, wakaoa hapa, wakabaki. Tangu ujana wake Amuri amewapikia watu wanaolala msituni. Wapima miti, wahesabu ndege, wazungu wa vipepeo, wanafunzi wa chuo wenye viatu vipya na malengelenge, wote wamekula chakula chake wakaomba tena.

Lakini tusidanganyane, kupika tu ni kazi gani? Mwenye sufuria na chumvi anapika. Kazi ya mpishi wa kambi katika misitu ya Tshopo ni moshi. Kila alasiri, kabla watu hawajaanza kurudi, Amuri alikuwa anapanga magogo mabichi juu ya makaa, anafunika kwa majani, na moshi mzito unatoka na kutambaa chini kati ya miti. Ndani ya msitu ule huoni mbali kuliko urefu wa nyumba yako. Ukiita, sauti inarudi kutoka pande zote, hujui uende wapi. Lakini pua haichanganyiki. Mtu akisikia harufu ya moshi anageuka, anaifuata, na baada ya muda anatokea kambini akiuliza kuna nini cha kula. Amuri aliuita moshi wa kurudia, na hakuwahi kupoteza mtu.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Cyprien, wa mtaa wa Mangobo, mtaja miti. Hiyo nayo ni kazi, msiicheke. Wanafunzi wanafika kwenye mti mrefu usio na mwisho, majani yako juu huko hayaonekani, na wao wanataka jina. Cyprien anakwangua ganda kwa panga, ananusa, anaramba kidogo, anasema jina la kienyeji na la kizungu, wanaandika, wanaendelea. Walikuwa pamoja kambi baada ya kambi, Mwislamu na Mkatoliki, mmoja anaswali upande huu wa hema na mwingine anafanya ishara ya msalaba upande ule, kisha wanakula sahani moja na kubishana juu ya mpira.

Ni kwenye sahani hiyo Amuri aligundua. Siku moja mkono wa Cyprien ulikwenda kuchukua samaki ukaangukia pembeni, kwenye majani. Akapapasa. Akacheka, akasema ameshiba. Siku ya pili tena vile vile.

"Cyprien, unaona?" Amuri akamwuliza, walipokuwa peke yao.

Cyprien akajibu kwa sauti ya chini. "Naona mwanga. Naona mutu kama kivuli. Ni kama wamenitandikia moustiquaire, chandarua ya mbu, mbele ya macho, ndugu yangu, na kila mwezi wanaongeza nyingine."

"Na kazi?"

"Kazi ni pua. Macho ya nini?"

Tangu siku hiyo wakabeba siri hiyo wawili. Cyprien alijipangia ujanja wake. Asubuhi anatoka na wanafunzi, anashika bega la huyu na yule kama mzee anayependa utani, mchana anataja miti, na kazi ikiisha anawaambia, "Tangulieni, mimi nakusanya maganda kidogo." Hakutaka wamwone akijikwaa. Wakishapotea mbele, anasimama, anatafuta moshi wa Amuri kwa pua, anarudi taratibu, mguu kwa mguu. Wanafunzi walisema Papa Cyprien anapenda kutembea peke yake na mawazo yake. Kumbe mawazo gani!

Halafu ukaja moto wa gesi.

Mradi ulikuwa mpya, wa kupima pumzi ya msitu kule kwenye hifadhi ya Yangambi, na mkubwa wake alikuwa Docteur Falonne, binti wa Kisangani hapa hapa, mwenye akili na mwenye heshima kwa wazee. Alikuja mwenyewe hadi kwa Amuri na gari, akateremsha mtungi wa gesi na kitu cha mviringo, bakuli pana la chuma lenye miguu ya kukunja, ndani limejaa mawe meusi mepesi. Unaunga mpira kwenye mtungi, unafungua, unawasha, na miali inatoka kati ya mawe, mizuri, sawasawa, kama mtu ameichora. Juu unaweza kuweka wavu wa sufuria. Wafadhili wanautumia kwao, akasema, wakienda kulala nje, badala ya kuni.

"Papa Amuri, safari hii kuni hapana," akamwambia. "Hata kijiti moja. Zile machine tumefunga juu ya miti zinapima hewa. Moshi ikiingia mule, kazi ya mwaka yote inaharibika. Tunaelewana?"

"Tunaelewana, Docteur."

Jioni ile umeme ulikuwa umekatika mtaani, na Amuri akauwasha uani ili aujaribu. Wee! Mtaa mzima ulikuja. Jirani yao Mama Aïcha akazunguka bakuli lile mara mbili.

"Aka! Moto gani hii haitoe hata machozi?"

"Docteur atuachie hii moto hapa nyumbani," akasema Kadidja, mke wa Amuri. "Huyu bwana yangu kila akitoka kambini ananuka kama samaki ya kukausha. Hata muto ya kitanda inanuka. Sasa nitalala na bwana msafi, Mungu asifiwe!"

Watu wakacheka, na Amuri akacheka nao. Ndipo Cyprien akaingia, amekuja kuulizia siku ya safari. Akasimama katikati ya ua, karibu kabisa na bakuli, akageuza uso huku na huku.

"Wanasema kuna moto. Iko wapi?"

Alisema kwa utani, na watu walidhani ni utani. Amuri akaacha kucheka. Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba.

"Ndugu yangu, hii moto hainuki. Umesikia? Haina moshi. Safari hii baki nyumbani."

"Nibaki nifanye nini? Watoto wawili wako chuo, mke wangu Adèle anauza pondu sokoni. Nikisema macho, Docteur atanipa pole na sabuni, kazi itaenda kwa mwingine." Cyprien akamkaza mkono mpaka vidole vikauma. "Na ukimwambia wewe, Amuri, basi tusijuane tena. Apa."

Amuri akaapa. Mtu mzima, mwenye mvi, akaapa kitu ambacho roho yake ilikuwa inakikataa palepale. Sasa mimi nikuulize wewe, ungefanyaje? Rafiki wa miaka yote hiyo amekushika mkono hauachii. Ungemwambia nini?

Wakashuka mto na boti, wakalala Yangambi kwenye kituo, kesho yake wakaingia msituni. Kambi ikawekwa, mahema yakasimama, na moto wa gesi ukakaa katikati ya uwanja kama bibi harusi. Wanafunzi waliufurahia. Hapakuwa na masizi, hapakuwa na kukohoa, nguo zilikauka, sufuria zilibaki zinang'aa. Docteur Falonne akasema kambi safi namna hii hajawahi kuiona, na alisema kweli.

Amuri alipata dawa yake. Kila alasiri alichukua ndoo, akasema anakwenda kuteka maji kijitoni, ingawa maji yalikuwepo. Njia ya kazini ilikuwa inapita hapo. Alisimama kwenye maji akaanza kugonga ndoo kwa jiwe, ko, ko, ko, huku anaimba kaswida kwa sauti mbaya, mpaka Cyprien anatokea kati ya miti, anasema, "Nyamaza, unafukuza nyani." Kisha wanarudi pamoja, Cyprien ameshika mkia wa shati la Amuri mpaka karibu na kambi, hapo anauachia. Wanafunzi walianza kumcheka mpishi.

"Papa Amuri ana mchumba, fiancée kabisa, kule kwenye maji," akasema Sadrack, mwanafunzi mwenye mdomo kuliko wote. "Tutamwambia Mama Kadidja!"

"Mwambie," Amuri akajibu. "Mwambie na sura yake, ana ndevu."

Walicheka, na siku zikaenda hivyo, na Amuri akaanza kuamini kwamba kambi itafika mwisho salama. Hapo ndipo wafadhili walipoleta habari kwamba wanakuja kuona.

Asubuhi ya siku hiyo Docteur Falonne alimwomba asitoke jikoni. Wageni watafika mchana na wenyeji wao wa kituo, wapate kuku, wapate lituma ya ndizi iliyotwangwa vizuri, na kesho yake wapate samaki wa kukaushwa. Amuri akatwanga na jicho moja kwenye njia. Mbingu ilianza kuwa nyeusi. Wageni walikaa kuzunguka moto wa gesi wakiusifu, mmoja akapiga picha ya sufuria. Wanafunzi wakarudi kwa mbio kuiwahi mvua, wakiwa na daftari zao ndani ya mifuko ya plastiki.

"Papa Cyprien?" Amuri akauliza.

"Anakuja. Ametuambia tutangulie, kama kawaida."

"Mlimwacha wapi?"

"Kwenye mstari wa mwisho wa miti tunayopima, Papa. Ana shida gani? Si pori lake?"

Mvua ikashuka hapo hapo. Ile mvua ya kwetu, unamsemesha mtu aliye mbele yako na hakusikii. Amuri akaweka chakula mbele ya wageni, akamwaga mchuzi, akafuta mikono kwenye nguo, akakimbia kijitoni bila ndoo. Aliita. Aliimba. Alishika jiwe akagonga mti. Maji ya kijito yalikuwa yamepanda yanavuma, na hakuna aliyejibu.

Kabla giza halijaingia walikwenda kumtafuta, Sadrack na wenzake na watu wawili wa kijiji cha jirani waliokuwa wanakata njia. Walipiga filimbi, waligonga sufuria. Walirudi wamelowa mpaka mifupa, na mmoja wao karibu apotee naye. Docteur Falonne alikuwa amesimama chini ya turubai, uso umekunjamana kwa wasiwasi.

"Docteur," Amuri akasema, "naomba nitafute kuni. Niweke moshi."

"Papa Amuri, moshi?"

"Ndiyo njia ya kumrudisha. Tulifanyaka hivyo siku zote."

Falonne akawatazama wageni, akatazama juu kwenye miti, kwenye mashine zake. Usimlaumu haraka. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa mle, na wenye kuilipia wamekaa pale wanakula kuku.

"Papa Cyprien anajua hii forêt, hii pori, kuliko sisi wote," akasema. "Amekaa chini ya muti anangoja mvua iishe. Asubuhi akiona njia atakuja mwenyewe. Ama kuna kitu mimi sikijui?" Akamsogelea. "Kama kuna sababu, uniambie. Nitakubali saa hii hii."

Watu wote walikuwa wanamtazama. Sadrack na wenzake, wageni, watu wa kijiji. Akisema pale, Cyprien amekwisha, mbele ya kadamnasi nzima. Amuri alifungua mdomo. Aliuona mkono wa Cyprien umemkaza nyuma ya nyumba kule Kabondo.

"Hapana, Docteur. Hakuna."

Hakuna! Neno hilo lilitoka kinywani mwake mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Asubuhi akiona njia. Macho yale ya kuona njia yalikuwa wapi? Amuri alijua, na akaenda kukaa karibu na moto wa gesi uliokuwa umehamishiwa chini ya turubai, unawaka vizuri, una joto zuri, haunuki chochote, na aliuchukia mpaka alitamani kuupiga teke. Wageni walipokwenda kulala yeye alibaki. Aliswali, akashindwa kuomba, maana alijua Mungu angemwuliza kitu kilekile alichoulizwa na Docteur.

Kulipokucha mvua ilikuwa imekatika na ukungu umebaki juu kwenye miti. Njia ilikuwa nyeupe, wazi, mtu yeyote mwenye macho angeiona. Hakuna aliyetokea. Amuri akaenda kwenye hema la Docteur Falonne, akapiga hodi, na alipotoka nje na viatu bado havijafungwa, akamwambia.

"Haoni, Docteur. Cyprien haoni. Anaona kivuli tu."

Falonne hakuelewa mara moja. "Tangu lini?"

"Kambi nyingi. Anataja miti kwa pua na kurudi kwa pua. Anafuata moshi yangu. Safari hii moshi haiko."

"Na jana nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mbele ya batu yote nilikuuliza, Papa Amuri! Usiku muzima mwanaume kipofu iko kwenye mvua, na wewe unanijibu hakuna?" Machozi yalikuwa yanamtoka kwa hasira. Kisha akajifuta. "Washa. Washa msitu wote ukitaka. Washa!"

Rahisi kusema. Kwa kuwa kuni zilikatazwa, mpishi hakuwa ameweka akiba yoyote, hata kifungu kimoja chini ya turubai, jambo ambalo katika maisha yake yote halijatokea. Kila kijiti msituni kilikuwa kinadondosha maji. Amuri akakimbilia ule ule moto wa gesi. Akaurudisha katikati ya uwanja, akaufungua mpaka mwisho, akapanga vijiti juu ya wavu, vikatema maji, vikalia, vikakauka, vikashika. Akavichukua akavipeleka kwenye ukingo wa kambi, akapuliza mpaka kichwa kikazunguka, akarudi kuchukua vingine. Sadrack alikuwa anapasua magogo bila kuambiwa. Makaa yalipokubali, Amuri akatupa majani mabichi, na juu yake akatupa wale samaki wa kukaushwa waliokuwa chakula cha wageni, wote, ili harufu iende mbali.

Moshi ukatoka. Mzito, mweupe, ukalala chini ukaingia kati ya miti. Wageni walitoka kwenye mahema wakakohoa, na hakuna aliyewaomba radhi.

Jua lilikuwa limepanda vizuri Cyprien alipotokea.

Alitoka upande ambao hakuna aliyeutegemea. Nguo zimeganda mwilini, uso umechanwa na miiba, panga mkononi, lakini anatembea wima, kichwa juu, hatua zimenyooka. Kambi nzima ikalipuka kwa furaha. Amuri akashika mti.

"Mbona anatembea vizuri kuliko mimi!" Sadrack akapiga kelele kwa furaha yake yote. "Papa Amuri, si ulisema haoni?"

Cyprien akasimama.

"Nani haoni?"

Kelele zikakatika. Cyprien akacheka, kicheko kile cha siku zote.

"Ah, Amuri amezeeka, msimsikilize. Nawaona wote. Nilingoja mvua tu, niko mutu ya pori mimi. Bon, Docteur, utanisamehe, acha nikaushe nguo."

Akaanza kwenda kwenye moshi. Alikwenda moja kwa moja, bila kusita, kama mwenye nyumba anayekwenda kitandani kwake. Na kati yake na moshi, katikati ya uwanja, lilikuwa lile bakuli la gesi, wazi, linawaka mpaka mwisho kukausha vijiti vya mwisho. Juani miali yake ilikuwa karibu haionekani. Kila mtu alidhani atazunguka. Amuri peke yake alijua.

"Cyprien! Moto!"

"Naijua, naisikia," Cyprien akajibu, uso wake umeelekea moshi, na akaingia moja kwa moja kwenye lile bakuli.

Bakuli lilipinduka, mawe meusi yakatawanyika, na yeye akaanguka juu ya wavu. Suruali, ingawa imelowa, ilishika kwenye pindo. Amuri alirukia mtungi, akafunga, akaokota gunia lililolowa, akamfunika miguu na kumkumbatia kwa nguvu mpaka moto ukafa. Alikuwa analia wazi wazi kama mtoto. Cyprien hakulia. Alilala pale chini akipapasa mawe kwa mkono, jiwe moja, jingine, anayagusa kujua ni nini.

"Docteur, ni nani kweli amekuambia?" akauliza.

Docteur Falonne alikuwa ameshapiga magoti anampasua suruali, anaosha mguu. Angeweza kusema chochote. Amuri hakumpa nafasi.

"Mimi. Leo asubuhi."

Cyprien akageuza uso upande mwingine. Kwenye boti, kupanda mto kurudi mjini, walimkalisha mbele kwenye kivuli, na Amuri akampelekea chai mara tatu, na mara tatu Cyprien alikishika kikombe bila kuuliza nani amekileta, akanywa, akakirudisha hewani mpaka mtu akipokee. Hospitalini wakatibu mguu, ukapona. Juu ya macho, daktari alisema wangekuja mapema. Docteur Falonne hakumwacha hivi hivi, alimtafutia kitu cha kumsaidia nyumbani, lakini msituni akaajiri mtaja miti mwingine, na kwa Amuri akaja na habari njema. Kuanzia sasa kambi itakuwa na moshi alasiri, saa ambazo mashine zitazimwa. Ni kwa sababu yako, Papa Amuri, akasema. Umeokoa mtu. Alimsifu mbele ya wenzake, na Amuri aliinamisha kichwa akitamani anyamaze.

Kwa muda mrefu hakwenda Mangobo. Kadidja ndiye aliyemsukuma, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Mpaka lini, Papa Nuru? Unazunguka hapa uani kama kuku anatafuta mahali pa kutaga. Nimepika. Chukua, enda, umwombe."

Alimpa sufuria yenye lituma na samaki, imefungwa kwa kitambaa. Amuri akapanda pikipiki na sufuria kwenye mapaja, akafika kwa Cyprien mchana. Mlango ulikuwa wazi kabisa, pazia limetupwa juu ya ubao kwa ajili ya joto. Akapiga hodi.

Adèle, mke wa Cyprien, alitoka na mikono yenye majani ya muhogo, ile pondu yake ya kuuza. Alipomwona, uso wake ukabadilika. Akafungua mdomo kumkaribisha, kisha akageuka nyuma, kama aliyevutwa.

Ndani ya sebule, hatua chache tu kutoka mlangoni, Cyprien alikuwa amekaa kwenye kiti. Alikuwa amevaa shati safi. Mwanga wote wa mlango ulikuwa umemwangukia. Alikuwa ameisikia hodi, ameijua sauti, na alikuwa anampungia mke wake mkono, hapana, hapana, kisha akaweka kidole mdomoni.

"Papa Cyprien hayupo," Adèle akasema. "Ametoka kidogo."

Amuri alimtazama rafiki yake. Rafiki yake alikuwa amemgeuzia uso sawasawa, macho wazi, ametulia bila kupumua, ameamini kwamba amejificha.

"Basi," Amuri akasema. "Akirudi, mwambie nilipita. Mwambie chakula iko bado moto."

"Nitamwambia."

Akampa sufuria. Aliaga kwa sauti, akasema kwaheri ya mtu anayeondoka, lakini miguu haikuondoka. Adèle naye hakumfukuza. Alibaki amesimama na sufuria kifuani, machozi yanamshuka bila sauti.

"Ameenda?" Cyprien akauliza kutoka kwenye kiti.

Adèle akamtazama Amuri. "Ameenda."

Cyprien akashusha pumzi ndefu, mabega yakaanguka, na uso ule mgumu wa kwenye boti ukamtoka wote.

"Sauti yake imechoka," akasema. "Adèle, wewe umemwona. Amekonda?"

"Hapana," akasema Adèle. "Hajakonda sana."

"Anakula? Yule akiwa na huzuni halagi."

Amuri alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Njia ya kutokea uani ilikuwa ya changarawe, na kila hatua ingesikika. Akainama polepole, akavua makubazi yake, akayashika mkononi, akatoka pale kwa miguu mitupu ili Cyprien asimsikie.